Fundi Asiyejishonea: kisa cha kitenge kilichongoja miaka saba

Ukitaka kujua kitu kimekaa Nairobi muda gani, angalia mfuko wake. Kitenge ninachotaka kukizungumzia kilikuwa bado ndani ya mfuko mwepesi wa plastiki wa dukani, aina ile iliyopigwa marufuku Kenya Agosti 2017. Kilinunuliwa Biashara Street Desemba 2016: yadi sita, rangi ya samawati yenye maua ya manjano. Tangu siku hiyo kilikaa kwenye rafu ya chini ya cherehani ya kanyagio, kibarazani, Kawangware, hatua chache kutoka steji ya mwisho ya matatu za 46. Mwenyewe nilimwona akikitoa Mei 2023. Mikunjo ilikuwa imepauka ikawa mistari myeupe kama chaki.

Mwenye kitenge ni fundi wa nguo. Mtaa unamwita Mama Fundi, nami nitamwita hivyo hivyo. Ameniruhusu niandike kwa masharti mawili: jina lake lisitokee, na nisimfanye mtu wa kuhurumiwa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na katibu wa chama chetu cha akina mama kumi na wanne, wanaokutana Jumapili alasiri na kuchanga shilingi 500 kila mmoja. Yanayofuata niliyaona kwa macho, mengine nilihusika nayo, na mahali pawili nilikosea vibaya. Nayaandika kwa sababu kila wiki nasikia watu wakiambiwa wajitie moyo, na kisa hiki kimenifundisha kushuku neno hilo.

Mambo yalivyokuwa

Mama Fundi alikuwa na miaka 43. Ameshona sare za shule kwa miaka ishirini. Baba watoto yuko Juba kikazi, na pesa zake huja zinapokuja. Binti alikuwa kidato cha nne. Kijana alikuwa katika lile kundi la kwanza kabisa la gredi ya saba ya mtaala mpya, walioanza sekondari ya chini mapema 2023. Wazazi wa Kenya mnakumbuka msukosuko wa wiki zile: sare mpya, rangi mpya, shule nyingine zikibadilisha sketi katikati ya wiki. Kwa fundi hilo lilikuwa soko. Alishona usiku na mchana, nami nikadhani mwaka umemfungukia.

Machi akaacha kuja chamani. Mchango wake aliutuma kwa simu bila kukosa, ila mwenyewe hakuonekana. Nilipompitia kibarazani nilimkuta ameketi mbele ya cherehani, mikono juu ya kitambaa, miguu haikanyagi. Mteja alikuwa amesimama pale akisubiri, na yeye anamtazama kama anayetazama mvua.

Nikamuuliza, "Mama Fundi, uko salama?"

"Niko, Mwalimu."

"Mbona hatukuoni?"

Akafikiri kidogo, akasema, "Nikimaliza hizi, nitakuja."

Neno hilo "nikimaliza" lilikuwa na historia. Nilikuja kulikuta limeandikwa. Ana daftari la oda, lenye majina ya watoto na vipimo vyao, kifua, kiuno, urefu. Ukurasa wa mwisho kabisa, kwa herufi kubwa, umeandikwa NIKIMALIZA, na chini yake mambo matano: kushona gauni langu. Kupanda treni nione bahari. Kurudi kwaya. Kumtembelea rafiki yangu wa shule Kitale. Kulala mchana siku moja.

La tano ndilo lililonikaa. Mtu ameandika usingizi wa mchana kwenye orodha ya ndoto zake, sawa na bahari.

Halafu kuna jambo ambalo sote tulilijua na hatukuwahi kulifikiria. Huyu fundi hakuwa na hata nguo moja aliyojishonea. Alivaa mitumba ya Gikomba, sketi iliyopunguzwa kiuno, blauzi yenye vifungo visivyofanana. Mganga hajigangi, wanasema watu, na wakishacheka wanaenda zao.

Tulichokosea sisi

Desemba iliyotangulia chama kilikuwa kimemwalika mzungumzaji wa kutia moyo. Jina lake silitaji. Alikuja na kipaza sauti kwa ajili ya watu kumi na wanne ndani ya chumba kimoja. Alituambia umaskini uko kichwani, na kwamba siri ya waliofanikiwa ni kuamka saa kumi alfajiri. Mama Fundi aliinua mkono, kwa heshima kabisa, akasema: "Mimi huamka saa kumi alfajiri tangu 2009. Bado nangoja." Tulicheka mpaka machozi. Mzungumzaji naye alicheka, akaendelea na ukurasa wake uliofuata.

Ningependa kusema kosa lilikuwa la yule bwana. Langu lilikuwa baya zaidi, kwa kuwa mimi nilimjua. Nilipoona hali ile ya Machi, nilikwenda nyumbani nikafanya ambalo mwalimu hulifanya akishindwa: nikachora ratiba. Saa kumi na moja mazoezi ya viungo. Saa kumi na mbili sala na tafakari. Nusu saa ya kusoma jioni. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, matembezi. Niliipigia mistari kwa rula. Aliipokea kwa mikono miwili, akaibandika ukutani, na baada ya siku kumi alianza kugeuza uso akiniona napita njia ile. Nilikuwa nimempa deni jingine.

Hapa nisimame kidogo, kwa kuwa ndipo wengi tunapopotea. Tunapomwona mtu amezimika tunahesabu kwamba amepungukiwa moyo, basi tunammiminia moyo: maneno, mistari ya Biblia, picha za machweo kwenye simu. Mtu huyo akishayapokea yote na asiinuke, anajiongezea hukumu: nimeambiwa, nimeelewa, na bado siwezi, basi tatizo ni mimi. Mama Fundi aliniambia baadaye kwamba ule mwezi wa ratiba ndio uliokuwa mweusi kuliko yote.

Kosa la pili ni kwamba sikuuliza habari za mwili. Aliyeuliza ni mama wa mandazi, ambaye karai lake linatazamana na kibaraza. Alikuwa amemwona Mama Fundi akishika ukuta anapoinuka. Alikuwa amemwona pia akitafuna vipande vya barafu vya muuza samaki jirani, asubuhi, kwenye baridi. Akamuuliza waziwazi, mwanamke kwa mwanamke, hedhi yake ikoje. Jibu lilikuwa siku tisa, nzito, kwa zaidi ya mwaka.

Walikwenda pamoja zahanati ya serikali wiki ya pili ya Aprili. Kipimo cha damu kilisoma 8.6. Kwa mwanamke asiye na mimba, chini ya 12 huhesabiwa upungufu wa damu. Hamu ya kutafuna barafu nayo ni dalili inayojulikana ya kupungukiwa madini ya chuma. Alipewa vidonge vya chuma na kutumwa kupigwa picha ya kizazi. Huko waliona uvimbe mdogo usio wa saratani, wa kufuatiliwa. Akaambiwa asinywe chai pamoja na chakula wala pamoja na vidonge, kwa kuwa majani ya chai huzuia chuma kuingia mwilini. Asubiri saa moja au mbili. Kwa mtu wa Kawangware aliyezoea kushushia kila kitu na chai ya maziwa, kuanzia chapati hadi githeri, sharti hilo lilikuwa gumu kuliko vidonge.

Basi huyo ndiye mtu tuliyemwambia siri ni kuamka alfajiri.

Deni

Sitakaa sana hapa, maana kila msomaji wa Nairobi anajua. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, fundi wa sare alibaki bila kazi. Madarasa mengi hayakurudi hadi Januari 2021. Alishona barakoa kwa miezi michache, halafu kila mtu akawa anashona barakoa. Akaanza kukopa kwa simu: mkopo wa kulipa kodi, mwingine wa kulipa ule wa kodi. Kukopa harusi, kulipa matanga. Kufikia 2023 alikuwa na mikopo mitatu midogo iliyokuwa ikizunguka, na pesa yote nzuri ya sare za gredi ya saba iliingia humo ikaisha kimya kimya. Ndiyo sababu soko zuri lilimwacha amechoka kuliko soko baya.

Mweka hazina wetu, aliyewahi kuwa karani wa ghala, ndiye aliyekaa naye Jumapili moja wakaandika yote kwenye karatasi: nani anadai, kiasi gani, riba ya nani inauma zaidi. Chama kikampa zamu yake ya mzunguko mapema kwa miezi miwili. Mikopo miwili ikafutwa siku hiyo hiyo, na wa tatu ukabaki. Hotuba hazikuwapo. Aliondoka na karatasi moja iliyokunjwa mara nne.

Wapo watakaosema hapo ndipo kisa kinapoishia: mpe mtu damu na pesa, moyo utajileta. Nilidhani hivyo pia. Lakini Mei ilipoingia, damu ikiwa imepanda hadi 10 na kitu, deni limebaki moja, Mama Fundi alikuwa anakanyaga cherehani vizuri, anacheka na wateja, na maisha yake yalikuwa yale yale. Alikuwa amepona kiasi cha kurudi kwenye kungoja. Orodha ya NIKIMALIZA haikuguswa. Nilipomuuliza kuhusu kitenge alisema atakishona msimu wa sare ukipoa, na msimu wa sare, kwa fundi wa mitaani, haupoi, watoto hurarua.

Makaa kwenye pasi

Sehemu hii sikuibuni mimi. Naisema mapema ili nisije nikapewa sifa.

Mama Fundi hupiga pasi kwa makaa. Tokeni za stima ni ghali, na pasi ya umeme huzila. Kila asubuhi akifika kibarazani, kitu cha kwanza ni kutia makaa kwenye tumbo la pasi, kuyawasha, na kuiweka ukingoni upepo uyapulize. Mpaka bapa lishike moto inachukua kama robo saa. Robo saa hiyo miaka yote alikuwa akiitumia kupanga vitambaa vya wateja, au kutazama simu kama wadai wameandika.

Siku moja, nadhani ilikuwa Jumanne, mama wa mandazi alimrushia neno kutoka ng'ambo ya njia: "Hiyo pasi ikingoja moto, wewe unangoja nini?" Lilikuwa neno la utani tu. Mama Fundi aliinama, akautoa ule mfuko wa plastiki, akakunjua kitenge mezani. Siku hiyo hakukata chochote. Alikitazama mpaka pasi ikaiva, akakikunja tena.

Kesho yake alichora umbo kwenye gazeti. Siku ya tatu akakata mgongo. Akajiwekea sharti: makaa yakishaingia kwenye pasi, kitenge kinatoka, pasi ikishika moto, kitenge kinarudi, hata kama sindano iko katikati ya mshono. Mshono mmoja kwa asubuhi. Kuna siku ulikuwa bega zima, na kuna siku ulikuwa sentimita kumi za bitana.

Mama wa mandazi akawa shahidi. Kila asubuhi, huku akigeuza mandazi kwa ule mwiko wake mrefu wenye matundu, alipaza sauti: "Leo tumefika wapi?" Tumefika, anasema, kama vile naye anashona. Mama Fundi anainua kipande juu amwonyeshe. Baadaye na makanga wa 46 wakaanza kuuliza. Kijana mmoja aliwahi kuchelewesha gari aone zipu ikiingia, abiria wakapiga kelele.

Nilipokuwa nikifundisha nilisoma kidogo saikolojia ya elimu, na baada ya kisa hiki nilirudi vitabuni kuona kama yaliyotokea yana jina. Yana. Katika miaka ya 1970 Mmarekani Peter Lewinsohn alieleza mzunguko ambao ungedhani aliutazama pale kibarazani: mtu akikosa mambo yanayomrudishia raha, hamu hushuka, hamu ikishuka hufanya machache zaidi, akifanya machache, raha hupungua tena. Tiba iliyotokana na wazo hilo haimngoji mgonjwa apate hamu. Humwanzisha kwenye tendo dogo lililopangwa, na hamu huja nyuma yake, ikija. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake waliilinganisha sehemu hiyo ya matendo peke yake na tiba nzima ya kubadilisha mawazo, kwa watu wenye sonona, na sehemu hiyo ikatoa matokeo yaliyokaribiana na ya tiba nzima.

Lile sharti la makaa nalo Mjerumani Peter Gollwitzer aliliandikia mwaka 1999: anayesema "nitajitahidi" hufanya machache kuliko anayesema "nikiona hili, nitafanya lile". Ratiba yangu ilisema saa kumi na mbili. Saa kumi na mbili haina sura, haina joto, na Nairobi inaweza kukukuta kwenye foleni ya maji. Makaa yana moshi. Mtu hawezi kutia makaa bila kujua ametia.

Na shahidi? Hapa nalifikiria benchi la Harare, Zimbabwe. Daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kazi mwaka 2006 na akina bibi kumi na wanne wa mtaa wa Mbare, waliofunzwa kusikiliza watu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Waliokuja walisema wana kufungisisa, neno la Kishona la kuwaza kupita kiasi. Hapa kwetu tungesema mawazo yamemlemea. Bibi hamhubirii mtu. Humsaidia kuchagua shida moja na hatua moja, na huuliza wakikutana tena imekwendaje. Matokeo ya utafiti wao uliohusisha watu 573 yalichapishwa 2016, na waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mama wa mandazi hajawahi kusikia habari za Harare. Kumi na wanne, nasikia raha kusema, ndiyo idadi yetu pia.

Wiki tatu za Juni

Kisa kingekuwa kizuri mno kama asingeacha. Aliacha. Juni binti alirudishwa nyumbani kwa salio la karo, na kwa wiki tatu kitenge hakikutoka. Makaa yaliingia kwenye pasi, na yeye alikaa na simu akipigia watu. Mama wa mandazi aliuliza siku mbili za kwanza, kisha akanyamaza, akawa anavusha mandazi mawili na kuyaweka mezani bila kusema neno.

Mimi nilitaka kwenda kumpa moyo. Mweka hazina alinizuia mlangoni. "Mwalimu, kaa. Ukienda atadhani ameshindwa mtihani."

Binti alirudi shuleni, na baba watoto, kwa mara moja, alituma kwa wakati. Jumatatu iliyofuata makaa yakaingia, kitenge kikatoka, na mama wa mandazi akauliza "Leo tumefika wapi?" kwa sauti ile ile, kama vile jana yake pia aliuliza. Nalihesabu swali hilo kuwa tendo la busara kuliko yote katika kisa hiki. Hakumuuliza alikuwa wapi.

Watafiti wa London wakiongozwa na Phillippa Lally walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya. Katika matokeo yao ya 2010, wastani wa kati ulikuwa siku 66 mpaka jambo lifanyike lenyewe, lakini tofauti zilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Wiki tatu si siku moja, najua, na sitavuta utafiti mahali usipofika. Nasema tu kwamba ile hesabu ya siku 21 inayotembea mitandaoni imewafanya watu wengi wajione wazembe siku ya 22.

Gauni lilipokwisha

Lilikwisha Agosti, Ijumaa. Mkono wa kushoto una kosa: maua yameangalia chini, kwa sababu kitambaa kilimpungukia akageuza kipande. Mteja angemrudishia. Yeye aliliacha, na ukimuuliza atakuonyesha hilo kosa kabla hujaona kingine chochote.

Jumapili alikuja nalo chamani. Hapo ndipo penye jambo ambalo bado nabishana nalo kichwani. Kabla hajaketi, wanne kati yetu, nikiwemo mimi, tulikuwa tumeshasema neno lile lile: "Hii ungeiuza! Weka picha mtandaoni, upokee oda." Nairobi imetufunza hivyo. Ukipika vizuri, uza. Ukiimba vizuri, rekodi. Ukipumzika vizuri, sijui, fundisha watu kupumzika kwa ada. Mama Fundi alitusikiliza mpaka tukaisha, akasema, "Hili si la soko. Miaka ishirini nimepima watu. Hili nilijipima mwenyewe." Kisha akafungua mkoba akatoa mchango wake.

Mwezi Oktoba alishona mawili yanayofanana nalo, ya kuuza, kwa bei nzuri. Kwa hiyo hakuwa akikataa pesa. Alikataa robo saa ile igeuzwe zamu ya kazi kabla hata haijamfaa. Sina hakika ningekuwa na nguvu hiyo, na wala sidhani nimeielewa vyema. Ninachoweza kusema ni kwamba robo saa bado ipo. Makaa yakiingia, siku hizi anamshonea binti yake, au haoni haja ya kushona, anakaa tu.

Kuna wasiosaidika kwa njia hii, na ningekuwa mkosaji nisipowataja. Mtu ambaye kwa wiki mbili na zaidi, karibu kila siku, hana hamu ya chochote, halali au analala kupita kiasi, anawaza kufa, huyo hahitaji kitenge kwanza. Apelekwe akaonwe. Mjini kwetu ukitaja Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, watu hucheka kwa woga, ila hospitali nyingi za kaunti zina mtu wa kuonana naye kwa mambo hayo. Mama Fundi aliulizwa maswali hayo pale zahanati, na aliyajibu bila kuficha. Ndiyo maana niliweza kungoja nje ya mlango wiki zile tatu.

Treni

Jambo la pili kwenye orodha lilikuwa bahari. Katikati ya Agosti alianza kuweka shilingi 200 kila wiki kando, mikononi mwa mweka hazina. Hesabu ilikuwa safi: nauli ya daraja la kawaida Nairobi hadi Mombasa ilikuwa 1,000, watu wawili, kwenda na kurudi, 4,000. Wiki ishirini. Zilitimia mwisho wa Desemba, binti akiwa ameshamaliza mtihani. Tarehe 1 Januari 2024 nauli ikapanda hadi 1,500.

Nilipoisikia habari ile redioni nilifunga macho. Nikamwona tena Machi, miguu haikanyagi. Nilimkuta kibarazani asubuhi yake, pasi ikifuka moshi, kalamu iko sikioni, daftari la oda limefunguliwa ukurasa wa mwisho.

"Elfu mbili zaidi," alisema. "Wiki kumi. Katikati ya Machi, Mwalimu. Tutakwenda likizo ya Aprili."

Walikwenda. Kijana alikuwa kwa nyanya yake Kakamega; yeye na binti walipanda treni ya asubuhi, ile inayosimama njiani, na gauni la samawati lilipigwa pasi usiku wa kuamkia safari. Waliporudi tulimzunguka chamani tukitaka kusikia. Tsavo je? Tembo wangapi? Binti alikuwa na picha saba za tembo, wekundu kwa vumbi, karibu kabisa na reli. Mama Fundi hakuona hata mmoja. Alisinzia walipotoka Mtito Andei, akaamka Mariakani, shavu lake limechorwa mistari ya kiti.

Binti alisema alijaribu kumwamsha mara mbili. Mama yake akafungua daftari, akaweka alama kwenye namba mbili, akashuka, akaweka nyingine kwenye namba tano.